KUKANDA TUMBO LA MGONJWA NI KAZI, NA IHESABIWE KUWA KAZI

Ndugu wanachama,

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni kufunga choo kwa mtu aliyelazwa hospitali. Msicheke. Aliyewahi kulala siku sita bila kupata choo hacheki.

Mimi niliangukiwa na mzigo kazini nikavunjika paja. Katika hospitali niliyolazwa, ambayo sitaitaja jina, mguu wangu ulivutwa kwa kamba na uzito, nikawa mtu wa kulala chali usiku na mchana. Nilipewa dawa kali ya maumivu. Paja likatulia, lakini tumbo likawa gumu kama ngoma. Nilipewa haluli, ikanisokota tumbo bila kuleta kitu. Siku ya sita sikuweza kula. Nilinyamaza, maana mtu mzima atamwambia nani habari hizo mbele ya wodi nzima?

Aliyenitambua ni mama mmoja mtumishi wa wodi. Aliniambia, "Baba, usione haya. Tumbo halijui cheo." Kwanza alikwenda kumwuliza sista. Sista akaja, akanipima tumbo, akaona hakuna hatari, akampa ruhusa. Mama yule akavuta pazia, akatia mafuta mikononi, akanikanda kama robo saa. Alifanya hivyo siku tatu, na kila mara alinihimiza ninywe maji na nisiache dawa yangu. Siku ya tatu nikapata choo, na usiku ule nikalala usingizi.

Je, mama yule alipata shukrani gani? Alikaripiwa na msimamizi kwa sababu sakafu ilikuwa haijapigwa deki. Kukanda mgonjwa hakukuandikwa katika karatasi yake ya kazi. Hapo ndipo lilipo neno langu.

Wako watakaosema kukanda ni mambo ya bibi zetu. Ni kweli, bibi zetu walikanda, lakini jambo lenyewe lina maana. Utumbo mpana huanza chini upande wa kulia, hupanda mpaka karibu na mbavu, huvuka kwenda kushoto, kisha hushuka. Mkono wa mkandaji hufuata njia hiyo hiyo, kama mshale wa saa unavyozunguka. Mtu asiyetembea, anayekunywa maji kidogo, na anayepewa dawa za jamii ya mofini, utumbo wake huwa mvivu. Mkono huusaidia kusukuma.

Wataalamu pia wamelipima jambo hili. Huko Sweden, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2009, watu 60 wenye shida hiyo waligawanywa makundi mawili. Waliokandwa robo saa kwa siku, siku tano kila juma, kwa majuma manane, walipata nafuu ya tumbo na kwenda choo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Lakini hawakupunguza dawa. Huko Uingereza, uchunguzi wa 2018 wa watu karibu 190 wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulionyesha faida ndogo tu. Basi tusidanganyane: kukanda ni msaidizi wa dawa, maji, chakula na kujinyosha, wala hakuchukui nafasi ya daktari. Tena si kwa kila mtu. Aliyepasuliwa tumbo karibuni, mwenye ngiri, mwenye mimba, anayetapika na tumbo limevimba, au anayetoka damu, asiguswe mpaka daktari aseme.

Sasa nawajua waajiri wetu. Wakisikia kuna tiba isiyohitaji mashine wala dawa ya kununua, watasema, "Vizuri, wauguzi waifanye kuanzia kesho." Lakini nani alisema mikono ni bure? Tupige hesabu. Wodi yenye wagonjwa wanane wa kukandwa, kila mmoja dakika 15, hizo ni saa 2 kamili kila siku. Saa 2 hizo zitatoka wapi, na sista mmoja ana wodi nzima? Zikitolewa katika mapumziko yake, huo ni wizi. Zikiachiwa jamaa wa mgonjwa, je, yule ambaye jamaa zake wako mbali, nauli hawana, atakandwa na nani?

Wauguzi walipogoma miezi mitano mwaka 2017, nchi nzima iliona kwamba hospitali si kuta na vitanda. Hospitali ni mikono ya watu. Na Katiba ya 2010 yasema kila mtu ana haki ya kutunzwa afya yake na kuheshimiwa utu wake, na kila mfanya kazi ana haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Haki ya mgonjwa na ya mfanya kazi zinakwenda pamoja.

Kwa hiyo naomba chama chetu kiwaambie wakubwa wa hospitali, na serikali za kaunti zinazosimamia nyingi za hospitali za umma tangu 2013, mambo matatu:

1. Wauguzi na watumishi wa wodi wafundishwe kukanda, na wajue nani asikandwe.
2. Kazi hiyo iandikwe katika karatasi ya kazi na ipewe saa zake, na watu waongezwe.
3. Kila kitanda kiwe na pazia, na mgonjwa aulizwe habari za choo kila siku kwa sauti ya chini, kama anavyoulizwa habari za homa.

Ndugu, leo uko kiwandani, kesho waweza kuwa kitandani. Ukiona mtumishi wa wodi anakaripiwa kwa kumhurumia mgonjwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mama yule alinisaidia nami sikusema neno la kumtetea. Leo nalisema.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.