Kipimo cha mvua kikiziba, namba hudanganya

Umeanika nguo asubuhi kwa sababu simu imesema leo ni jua. Saa tisa alasiri mvua inazitwanga, nawe unailaani programu. Je, umewahi kujiuliza inapata wapi habari za mtaa wako? Nyingi ya programu hizi hutegemea kompyuta kubwa zilizo ng'ambo, na hizo nazo husahihishwa na vipimo vinavyotoka huku chini. Palipo na vituo vichache vya hali ya hewa, au vituo vilivyolala, mengi ni kubahatisha.

Tangu mafuriko ya 2024 yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, tumezoea kusikia kuhusu vituo vipya. Sawa, vinahitajika. Mvua ya Nairobi ina ubaguzi: Lang'ata watu wanavushwa barabara kwa mkokoteni, Kasarani ni vumbi. Lakini kununua ndiyo kazi rahisi, maana kuna utepe wa kukatwa na picha za kupigwa. Nani atakata utepe kwa sababu kipimo kimesafishwa?

Na uchafu ndio shida. Ndani ya vipimo vingi vya mvua vinavyojiendesha kuna vijikombe viwili vinavyoyumba kama bembea. Kijikombe kikipata mvua ya milimita 0.2, huinama, kikamwaga maji, na hesabu ikaongezeka. Jani likiziba faneli, au buibui akijenga humo, maji hayafiki. Ubaya ni kwamba kituo hakizimiki. Kinaendelea kutuma ujumbe kwamba mvua ni sifuri huku mto unavunja kingo. Betri ikifa angalau utajua, lakini sifuri ya uongo inafanana kabisa na sifuri ya kweli.

Wanaoitegemea namba hiyo ni wengi. Rubani anayetua JKIA hupanga kipimo chake cha kimo kwa kanieneo ya hewa iliyopimwa uwanjani, na kosa la hektopaskali 1 tu humpotosha kwa takriban mita 8 au 9. Mkulima naye? Bima ya Kilimo Salama, iliyoanza Laikipia mwaka 2009, ililipa watu kwa M-Pesa kwa kufuata vipimo vya kituo kilicho karibu, bila mtu kwenda kukagua shamba. Wazo safi sana. Ila kwa bima ya aina hiyo, mahindi yako yakiozea majini na kipimo kimeziba, kwenye rekodi hakukunyesha. Utamdai nani?

Kisha kuna Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliteremka kutoka upande wa Kijabe watu wakiwa wamelala. Mahali kama hapo, kipimo cha huko juu kinachotuma takwimu kila robo saa kinaweza kuwa king'ora, mradi kiwe kizima.

Kukitunza hakuhitaji digrii. Fyeka nyasi, toa majani, pangusa paneli ya sola, hakikisha laini ya simu iliyomo ina bando (bila bando kituo hunyamaza, kama wewe tu mwisho wa mwezi). Kukijaribu pia ni rahisi: mdomo wa faneli ukiwa na eneo la sentimita mraba 200, mimina mililita 400 za maji polepole. Vijikombe vya milimita 0.2 vinafaa kuinama mara 100. Vikiinama mara 80, usiamini rekodi ya msimu huo.

Wizi ni habari nyingine. Nchi ambayo mwaka 2022 ililazimika kusitisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kuhujumu nguzo za stima haiwezi kuacha betri na sola porini bila mlinzi. Mradi wa TAHMO umekuwa ukiweka vituo shuleni: shule inalinda, wanafunzi wanapata takwimu za kusomea. Huo ni mpango wenye akili, ingawa shule hufungwa, na mwalimu aliyejua kukisafisha huhamishwa.

Kwa hivyo anahitajika fundi mwenye pikipiki, mtungi wa maji na orodha ya vituo vya kuzungukia. Vijana waliosomea umeme na elektroniki kwenye vyuo vya kiufundi wamejaa mtaani. Mshahara na mafuta ya fundi huyo viwe kwenye bajeti ileile ya kununua kituo, si kwenye ahadi za mwaka ujao.