Siri ya Baba Isiwe Msiba wa Wana

Majuzi nilikwenda Parklands, jijini Nairobi, kumjulia hali mwalimu wangu wa zamani aliyelazwa kwa saratani ya tezi dume. Jina lake nalisitiri. Nilipoaga alinishika mkono akaninong'oneza: "Mwanangu, wanangu wasijue, hasa mabinti. Haya ni maradhi ya wanaume."

Kwa heshima zote, hapo Mwalimu amekosea.

Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA, mithili ya kitabu cha maagizo. Kila siku kitabu hicho huingiwa na hitilafu maelfu kwa maelfu, lakini mwili una wasahihishaji wake, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Kueleza jinsi wafanyavyo kazi ndiko kulikowapa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Jeni ya BRCA2 imo katika kundi hilo la wasahihishaji. Ikiharibika, makosa hurundikana hata seli ikaasi.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 692 ambao saratani hii ilikuwa imewasambaa mwilini. Wanaume 82, takriban mmoja kati ya wanane, walikuwa wamerithi kasoro katika jeni za usahihishaji. Naam, wengi hawakuwa nayo. Lakini aliye nayo hawezi kudai kuwa ugonjwa ni wake peke yake. Kila mtoto wake, wa kiume kwa wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na kwa binti, kasoro ya BRCA2 huzidisha hatari ya saratani ya matiti na ya ovari.

Isitoshe, kasoro hiyo yaweza kugeuzwa silaha. Dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020 kwa baadhi ya wagonjwa hawa, huziba njia nyingine ya ukarabati ambayo seli iliyopoteza BRCA2 huitegemea. Seli hiyo hushindwa kujikarabati, ikafa.

Wapo watakaosema kwamba vipimo vya jeni ni anasa ya wenye nacho. Ndiyo sababu serikali yapaswa kuvifikisha katika hospitali za umma. Hata hivyo, kumwambia mwana ukweli hakuhitaji senti. Nelson Mandela alipopatikana na ugonjwa huu mwaka 2001, habari zilitangazwa ulimwenguni kote, wala heshima yake haikupungua.

Walimu wenzangu, tufundishapo urithi tusiishie kwenye rangi ya macho. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu, kwa adabu, ni maradhi gani yaliyowaondoa babu na nyanya zenu. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya, kifo chaweza kumuumbua hata mtoto ambaye hakuficha lolote.

Nilimweleza Mwalimu hayo yote. Alinisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza iwapo binti yake mkubwa angali akifanya kazi Nakuru.