Lubumbashi: nani wa kukataa kutia saini?

Barabara ikizinduliwa Lubumbashi, gavana hukata utepe, meya husimama kando yake, mkandarasi huleta maturubai na viti. Mhandisi huwa nyuma ya umati na faili lake kwapani. Mvua za Novemba zikishika kasi na lami ikaanza kumeguka, mkandarasi kashalipwa, na lawama humwangukia mkuu wa komini, ambaye hakuichora barabara ile wala hakuisimamia.

Sheria yenyewe imechangia mkanganyiko huu. Ile ya Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za mitaa iliukabidhi mji kazi ya kujenga na kukarabati barabara zake na mifereji yake mikuu, na komini, ambazo Lubumbashi ziko 7, zikapewa sehemu yao ya matunzo. Lakini wahandisi wenye vifaa na uzoefu wa miradi mikubwa wako OVD, shirika la taifa la barabara za mijini na mifereji lililoundwa mwaka 1987, nalo makao yake ni Kinshasa. Zaidi ya hao, kuna waziri wa jimbo wa miundombinu. Mkazi wa komini ya Katuba akitaka kujua mfereji wa mtaa wake ni wa nani, atazungushwa ofisi kwa ofisi mpaka achoke.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: pesa hakuna. Katiba ya Kongo ya 2006 iliyaahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe hukohuko yanakokusanywa, na ahadi hiyo haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Ila tangu sheria ya madini irekebishwe Machi 2018, asilimia 25 ya mrabaha ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo. Mgodi wa Ruashi uko mjini humohumo. Kwa hiyo kisingizio cha zamani kimepungua nguvu, na swali sasa ni jingine: fedha hizo zikilipia mfereji, nani atasema kama kilichojengwa ni mfereji kweli?

Maana mfereji si shimo lililopigwa saruji. Mita 100 zenye mteremko wa nusu asilimia hushuka sentimita 50 tu. Fundi akikosea sentimita 20 mahali pamoja, panabaki kidimbwi. Mchanga hutulia pale, zinafuata sasheti za maji na takataka za soko, na mvua kubwa ikifuata, maji hupanda barabarani, hujipenyeza pembeni mwa lami na kulowesha tabaka la chini. Lori la shaba likipita, udongo laini hukamuliwa juu kupitia nyufa. Hazipiti wiki nyingi, shimo linatokea, na vijana wanalijaza bulongo, yaani udongo, na kuwaomba madereva chochote. Watu husema lami ilikuwa mbovu. Huenda lami haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mferejini, na wa kuliona ni mtu aliyepima kwa chombo kabla zege halijamwagwa.

Ndiyo maana naona kazi kubwa ya mhandisi mkuu wa mji ni kukataa. Kuchora wengi wanajua. Mikataba ya ujenzi huwa na mapokezi mawili ya kazi, ya muda na ya mwisho, kwa kawaida yakipishana mwaka mmoja, na sehemu ya malipo hushikiliwa mpaka hayo ya pili. Mwaka mmoja Lubumbashi ni msimu mzima wa mvua, na hakuna kipimo kinachoushinda. Asiyetembea mfereji mzima Aprili, mvua zinapokatika, hana sababu ya kutia saini.

Tanzania ilielekea upande mwingine. Mwaka 2017 iliunda TARURA, na wahandisi wa barabara wakatolewa kwenye halmashauri wakawekwa katika wakala huo mmoja. Utaalamu ulikusanyika pamoja, na hilo si dogo. Lakini madiwani wamelalamika tangu hapo kwamba wananchi huwauliza wao kuhusu barabara ambazo meneja wake hawajibiki kwao. Lubumbashi imekuwa na OVD muda mrefu, kwa hiyo malalamiko hayo inayajua. Kuvunja OVD kungekuwa upuuzi. Wala kila komini haihitaji mhandisi wake, kwa sababu maji yanayoanzia komini ya Kampemba hayasimami mpakani. Anahitajika mmoja, ofisini kwa meya, hata kwa kuazimwa OVD, ambaye bila saini yake hakuna komini inayomlipa mkandarasi kwa fedha za mrabaha.

Hatari ya pendekezo hili naijua. Mhandisi atakayekataa cheti cha kwanza Ijumaa anaweza kujikuta Jumatatu amehamishiwa mbali, Pweto. Basi apewe muda maalumu kazini, na asiondolewe bila sababu iliyoandikwa. Walinzi wake wawe madiwani wa komini, waliochaguliwa Desemba 2023 kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii. Wapelekewe nakala ya kila ripoti ya mapokezi, na nyingine ibandikwe ukutani kwenye komini, kwa Kiswahili na si Kifaransa peke yake: urefu wa mfereji, unene wa lami, jina la kampuni, kiasi kilichoshikiliwa, na kama saini imekataliwa, imekataliwa kwa nini.