Risasi Kali Haziwezi Kushika Nafasi ya Mafunzo



Mabishano ya chumba cha chai yamezidi, na sasa yamefika hata katika ofisi ya Chama. Ndugu wengine wanasema hivi: mlinzi akipewa bastola ndogo, basi apewe na risasi kali kabisa, zile zenye alama ya +P kwenye kitako, ili udogo wa bastola ufidiwe na ukali wa risasi. Maneno haya ni matamu, na matajiri watayapenda sana, kwa kuwa sanduku la risasi ni rahisi kununua kuliko siku kumi za mafunzo. Sisi twayapinga.

Walinzi wetu wengi hapa Kenya wanakesha na rungu, tochi na filimbi, hilo twalijua. Lakini zipo sauti zinazotaka wapewe silaha, na siku hiyo ikifika, atakayeshika bastola ni mwanachama, si mkurugenzi. Afadhali tuseme mapema.

Kila fundi wa boila anaujua mstari mwekundu kwenye saa ya stimu. Risasi nayo ina mstari wake. Ile ya kawaida ya milimita 9 imewekewa na viwanda vya Marekani kikomo cha ratili 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Ya +P yaruhusiwa kufika 38,500, yaani moja ya kumi zaidi. Ziko nyingine zilizoandikwa +P+, na hizo hazina kikomo kilichokubaliwa. Kila kiwanda kinajipimia. Ni nani kati yetu angekubali kufanya kazi kando ya boila isiyo na mstari mwekundu?

Sasa tia ile +P katika bastola yenye mtutu wa inchi tatu. Baruti inahitaji urefu wa mtutu ili isukume sawasawa. Mtutu ukiwa mfupi, risasi imekwisha toka na gesi ingali na nguvu nyingi, na nguvu hiyo inakwenda bure hewani: moto mkubwa mbele ya macho ya mlinzi aliye gizani, na kishindo cha kuziba masikio. Mwendo wa risasi huongezeka, hatukatai, lakini si kwa kiasi wanachodhani wanaosifu. Teke la bastola nalo huongezeka, na hilo lote laja mkononi. Bastola kubwa ya chuma yenye ratili mbili na zaidi hulimeza teke. Hii ndogo ina ratili moja na robo hivi, na mara nyingi kidole cha mwisho hakina hata mahali pa kushika. Risasi ya kwanza huenda ikapata shabaha. Ya pili itakwenda kwenye bati la duka la jirani, au kwa mpita njia, na hapo atakayeshitakiwa ni nani?

Tena chuma cha juu kinarudi nyuma kwa kasi zaidi, springi inachoka mapema, na pengine risasi inayofuata haiwahi kupanda mahali pake. Bastola imekwama, na mwizi hajakwama. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huandika katika kijitabu chao kwamba +P isitumiwe katika bastola fulani, au itumiwe kidogo tu. Kijitabu hicho mara nyingi hubaki katika kabati la ofisi.

Wanaotuambia tuige Marekani, haya, na tuiangalie. Tarehe 6 Aprili 1970, huko Newhall, California, polisi wanne wa barabara waliuawa usiku mmoja. Baadhi yao walibeba risasi kali za .357 Magnum, ambazo kikomo chake ni karibu mara mbili ya .38 Special. Lakini mazoezi yao yalifanywa kwa zile za .38. Teke la silaha ya kazini hawakuwa wamelizoea. Mkubwa aliokoa fedha katika mazoezi.

Mwaka 1986, katika Miami, makachero wawili wa FBI waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Wakubwa wakailaumu risasi. Ikaletwa ya milimita 10, yenye nguvu nyingi, lakini teke lake liliwashinda wengi, ikabidi ipunguzwe baruti. Kutoka hapo, mwaka 1990, ikazaliwa .40. Mwaka 2014 idara yao ya mafunzo ikashauri kurudi kwenye milimita 9, ikisema kwamba wengi hupiga upesi na kwa shabaha zaidi kwa risasi hiyo, na kwamba katika mapigano ya kweli polisi hukosa kwa risasi 70 hadi 80 katika kila 100. Karibu miaka thelathini ilipita kabla ya kurudi walikoanza!

Hatusemi +P ni kitu cha bure. Katika bastola kubwa iliyotengenezwa kuistahimili, mkononi mwa mtu aliyefunzwa kwa risasi hiyo hiyo, ina faida yake. Lakini kwa bastola fupi viko viwanda vilivyounda risasi za nguvu ya kawaida ambazo hufunguka vizuri hata kwa mwendo mdogo. Hizo ndizo tunazozitaka kwa mlinzi.

Basi Halmashauri ikikaa na waajiri juu ya jambo hili, haitajadili ukali wa risasi kabla ya kujibiwa maswali haya: mlinzi atapiga risasi ngapi za mazoezi kila mwezi, na je, ni za aina ile ile atakayobeba? Nani atalipia springi mpya, na itabadilishwa lini? Kijitabu cha bastola kitatafsiriwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani? Na masikio ya mlinzi yakiharibika kazini, yataandikwa katika daftari ya fidia, au ataambiwa alizaliwa hivyo?