Kamshafti Siyo Ringitoni: Mastaa wa Kruza Mnatuingiza Mjini

Wadau, hili wimbi lazima tuliseme. Siku hizi ukiperuzi simu dakika tano tu unakutana na klipu ileile: Harley-Davidson kubwa imepaki, ekzosi imefunguliwa, injini inanguruma kwa kuchechemea kama inataka kuzima halafu inakataa. Staa anavua miwani, anasema, "Nimeweka kamshafti mpya, isikieni wenyewe." Laiki zinamiminika, komenti zote ni moto moto moto. Na pale chini, linki ya punguzo.

Majina sitaji. Wale wa Marekani wanajijua, na hawa wa huku wanaowaiga nao wanajijua. Yule aliyebadilisha kamshafti mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara ikawa "hii ndo yenyewe", anajijua zaidi. Ugomvi wangu nao ni mmoja: mnawafundisha vijana kuchagua kamshafti kwa masikio, wakati mnajua fika, au mlipaswa kujua, kwamba masikio hayapandi mlima.

Tuanze na huo mlio wenyewe. Ile du-du, du-du ya Harley haikuletwa na kamshafti ya mtu yeyote. Injini yake ina silinda mbili zilizokaa kwa nyuzi 45, na pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja ya kranki. Ndiyo maana milipuko yake haiko sawa: kati ya mmoja na unaofuata inapita nyuzi 315, kisha 405, kisha 315 tena. Huo mdundo unatoka kiwandani. Kampuni yenyewe iliuona una thamani kiasi kwamba mwaka 1994 iliomba kuusajili kama alama ya biashara, ikaja kuliondoa ombi hilo mwaka 2000. Kwa hiyo anayekwambia "nunua hii upate sauti ya Harley" anakuuzia kitu ulichokuwa nacho tayari.

Kile kinachoongezeka kwenye klipu, ule mchechemeo, unatoka wapi? Hapa tuelewane taratibu. Kamshafti ni chuma chenye nundu. Nundu zikizunguka zinasukuma lifta, lifta inasukuma fimbo, valvu inafunguka. Umbo la nundu ndilo linaamua valvu ifunguke kiasi gani, ikae wazi muda gani, na ifunge lini. Kamshafti kali huwa zinaacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Injini ikizunguka polepole, moshi unarudi kuchanganyikana na hewa mpya, uchomaji unakuwa wa kubahatisha, na injini inachechemea. Ndo hiyo sauti mnayoipigia makofi! Ni injini inayopumua vibaya ikiwa chini.

Na cha kuangalia zaidi ni pale valvu ya kuingiza inapofunga. Pistoni ikishafika chini inaanza kupanda. Kama valvu bado iko wazi na mzunguko ni mdogo, sehemu ya mchanganyiko inasukumwa kurudi ilikotoka. Kompresheni ya kweli inashuka, nguvu inapungua. Mzunguko ukiwa mkubwa mambo yanageuka, hewa inaingia kwa kasi, inaendelea kujaa hata pistoni ikipanda, na hapo kamshafti inayochelewa kufunga inang'ara. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi tu. Inayofunga mapema inakupa nguvu chini, inayochelewa inakupa nguvu juu. Hakuna inayokupa vyote.

Sasa niambie, kruza inaishi wapi? Mtu akiwa barabarani na Harley ya safari, mara nyingi yuko kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika. Pikipiki ya safari kama Street Glide ina zaidi ya kilo 350 kabla hujakaa wewe, shemeji na mabegi. Huo mzigo unahitaji kuvutwa kuanzia chini. Ile 5,500 wanayoionyesha kwenye grafu ya dainomita unaigusa sekunde ngapi kwa siku?

Tupige hesabu, na hizi namba ni za mfano tu. Kamshafti ya kwanza inatoa Nm 150 kwenye mizunguko 2,800, ikifika 5,500 imeshuka hadi 115. Ya pili inatoa 125 kwenye 2,800 na 135 kwenye 5,500. Zidisha kwa mizunguko, gawa kwa 7,121, unapata farasi. Kule juu ya pili inashinda, farasi 104 dhidi ya 89. Staa anaposti 104, watu wanazimia. Ila kwenye 2,800, pale unapotaka kulipita lori, ya kwanza ina farasi 59 na ya pili ina 49. Umelipa hela nyingi ili upoteze farasi kumi mahali unapoishi. Hiyo wanaiweka wapi kwenye klipu? Hawaiweki.

Najua mtakachojibu. "Kamshafti ya kiwandani imebanwa kwa ajili ya sheria za moshi na kelele." Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na sijasema usibadilishe. Kamshafti iliyochaguliwa vizuri inaibadilisha kabisa hiyo injini. "Mimi nakimbiza mashindano." Sawa kaka, injini yako ina kompresheni kubwa, vichwa vimefanyiwa kazi, gia zimepangwa kwa hilo, endelea. Kamshafti kubwa siyo dhambi. Dhambi ni kuichukua kutoka kwenye injini iliyojengwa yote kwa ajili yake na kumwambia dogo mwenye injini ya kiwandani kwamba "inaingia tu".

Maana hata hiyo "inaingia tu" ni nusu ya habari. Nundu zikiwa ndefu kupita uwezo wa springi za valvu, springi zinabanwa hadi mwisho. Nafasi kati ya valvu na pistoni isipopimwa, siku zikikutana hutahitaji fundi, utahitaji injini. Twin Cam, iliyotoka na modeli za mwaka 1999, ina kamshafti mbili. Milwaukee-Eight iliyokuja na modeli za 2017 ina moja, na valvu nne kila silinda. Ushauri wa moja hauhamii kwa nyingine kama koti. Kwenye Twin Cam za mwanzo, viatu vya plastiki vinavyokaza cheni za kamshafti vinajulikana kwa kulika. Mtu mwenye nia njema angekwambia uvikague ukiwa umeshafungua. Na ukishabadilisha, kompyuta ya mafuta lazima ipangwe upya, tena kwa kufuata sheria. Huko Marekani, mwaka 2016 Harley-Davidson yenyewe ilikubali kulipa dola milioni 12 kwenye kesi ya serikali kuhusu vifaa vya kupanga injini vilivyoongeza uchafuzi wa hewa. Kama kampuni inabanwa, wewe nani?

Wengine wanashusha na mzunguko wa injini ikiwa imesimama, ili mchechemeo uzidi kwenye video. Kuzunguka polepole hivyo presha ya oili inashuka na chaji nayo inapungua. Yaani unaichosha injini ili simu irekodi vizuri.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, usianze na "nataka ile ya fulani". Anza na maswali matano: injini yangu ni ipi na kompresheni yake ngapi? Uzito wote na abiria ni kiasi gani? Naendesha sana kwenye mzunguko upi? Valvu ya kuingiza inafunga lini? Na gharama nzima ni ipi, pamoja na springi, gasketi na kupanga mafuta? Fundi akijibu kwa kukupigia gesi tu usikie, ondoka.

Na nyie mastaa, ombi moja. Mkipewa kifaa bure, semeni mmepewa. Mkionyesha grafu, onyesheni na upande wa kushoto, kule kwenye 2,500. Kijana anayeagiza kutoka nje akikosea halipii kamshafti peke yake, analipia usafiri, ushuru na gereji mara mbili, na nyie hamtakuwepo. Mtakuwa mnaposti ya nne.

Haya, anayebisha aje na grafu yake kwenye komenti. Nzima, siyo kipande.