Mgonjwa kuzuiliwa hospitalini: deni lisiachiwe muganga peke yake

Hapa Goma si habari mpya: mama amezaa kwa kupasuliwa, kidonda kimepona, mtoto ananyonya vizuri, lakini hawaruhusiwi kutoka sababu fakture haijalipwa. Watu wanalalamika, na wana haki. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inalinda uhuru wa kila mtu. Kumzuilia mgonjwa ni kosa, iwe hospitali ya serikali ao kliniki ya binafsi.

Lakini ile fakture nani ailipe? Hapo wengi wetu tunanyamaza.

Pesa ya upasuaji haiishii mfukoni mwa muganga mpasuaji. Kuna anayemlaza mgonjwa usingizi, kuna nyuzi, glavu, dawa, oksijeni, na mazuti ya jenereta umeme ukikatika tumbo likiwa wazi. Muganga mwenye kliniki ndogo kule Katindo ao Majengo hapewi kitu na serikali kwa kazi hiyo. Wagonjwa watatu wakiondoka bila kulipa, wa nne atakuta nyuzi zimeisha.

Na tangu M23 iingie mjini mwishoni mwa Januari 2025, mambo yamekaza zaidi. Banki zilifunga, uwanja wa ndege ukafunga. Mkopo wa kununua mashine ni ndoto, na jamaa ya mgonjwa yenyewe inatafuta pesa kwa simu, ikikatwa kila inapotoa. Waliopigwa risasi wanatunzwa bure pale CBCA Ndosho kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na hilo ni jambo kubwa. Ila mwenye ngiri, ao mwendesha chukudu aliyevunjika mguu, hana mfadhili. Ugonjwa wa kawaida hauleti wafadhili.

Sheria ya Desemba 2018 juu ya afya ya umma inazungumzia huduma ya afya kwa wote. Ianze na upasuaji wa haraka: kila eneo la afya liwe na mfuko wa kulipa upasuaji wa uzazi na wa apendisiti, kwa bei moja, popote mgonjwa alipopasuliwa, mradi kituo kina ruhusa. Anayekusanya kodi katika mji, awe wa Kinshasa ao wa hapa, ndiye atoe pesa hizo. Kodi za kliniki anazichukua vizuri sana.

Waganga nao wabandike bei mlangoni. Bei inayotajwa saa nane za usiku, mgonjwa akiwa tayari kitandani, si mapatano. Anayeshindwa kulipa asaini deni mbele ya mkubwa wa avenue, arudi nyumbani, alipe kidogo kidogo kwa simu. Wapo watakaotoroka na deni, hilo halikosi. Hata hivyo mgonjwa aliyelala mwezi mzima kwenye kitanda hafanyi kazi, halipi, na anakula.