Bei ya Mbuzi katika Nchi za Njozi

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu kudai kwamba kazi ya njozi haiulizwi hesabu. Atakaye kujua bei ya unga, husemwa, na aende sokoni. Dai hili limerudiwa mno hata limekuwa kichaka cha kufichia uvivu. Nchi ya kubuni yenye wafalme, askari na wakulima ina uchumi, apende asipende mtunzi wake. Na kila karamu ya kifalme ina mtu anayeilipia.

Ajabu ni kwamba swali hili limejibiwa na watunga michezo kabla ya wahakiki. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huwapa wachezaji orodha ya bei. Katika toleo la 2014, kibarua asiye na ujuzi hulipwa vipande 2 vya fedha kwa siku (Kiswahili, kwa bahati, huita madini hayo na pesa kwa jina moja), na vipande 10 vya fedha ni sawa na kipande 1 cha dhahabu. Mbuzi ni dhahabu 1, ng'ombe 10, upanga mrefu 15. Basi kibarua huyo afanye kazi siku 5 bila kula ndipo apate mbuzi, na siku 75 ndipo apate upanga ambao shujaa huweza kuanza nao safari. Pengo la kitabaka limeandikwa hapo kwa tarakimu.

Hata hivyo, bei hizo zimeganda. Shujaa huua joka, hurejea kijijini na magunia ya dhahabu, na kesho yake mbuzi bado ni dhahabu 1. Historia inakataa. Mansa Musa wa Mali alipopita Kairo mwaka 1324, ukarimu wake uliteremsha thamani ya dhahabu mjini humo kwa miaka kadhaa. Lakini msomaji wa Githongo, huko Meru, hana haja ya kwenda Misri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliilipa kampuni ya Goldenberg mabilioni ya shilingi kuwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi. Malipo hayo yakaungana na noti zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka 1993 mfumko wa bei ukakaribia asilimia 46. Hiyo nayo ilikuwa hekaya yenye hazina yake. Mkulima wa majani chai aliilipia dukani.

Kwa kipimo hiki, hata Shaaban Robert hana budi kuulizwa. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Thamani ya shilingi hakuisikia kwa jirani. Katika Adili na Nduguze, ambayo chanzo chake kimo katika Alfu Lela Ulela, ndugu wawili hupoteza mali na kugawiwa nyingine. Wahakiki wamejaza kurasa juu ya wema wa Adili na uovu wa Hasidi na Mwivu, kazi ambayo majina yenyewe yamekwisha kuifanya. Mali ile ilitoka katika jasho la nani? Itajibiwa kwamba hiyo ni istiara. Naam, lakini istiara ya haki isiyotaja ujira imeacha nje jambo ambalo raia hulipimia haki kila jioni.

Aidha, orodha ya bei peke yake haitoshi. Mbuzi wa Kimeru huingia katika mahari na katika faini za Njuri Ncheke, na thamani hiyo haibadilishwi kwa kipande cha dhahabu. Fedha yenyewe haiji kwa siku, kama ya yule kibarua wa mchezoni. Mkulima wa Githongo hulipwa kwa kilo za majani mwisho wa mwezi, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Katikati yake huishi kwa daftari la mwenye duka, ambamo sukari, mafuta ya taa na karo huandikwa kwa bei ya leo, zilipwe kwa chai ambayo bei yake bado haijajulikana.